Gitaa Langu, Vidole Vyake

Gitaa langu nililinunua Kariakoo, kwenye duka lililouza pia blenda na mashine za kunyolea. Lilikuwa jekundu, na kichwani lilikuwa na jina la rangi ya dhahabu ambalo kufikia Pasaka ya kwanza lilishafutika kwa jasho. Muuzaji aliniambia hilo ni la kuanzia. "Ukishajua, utarudi kuchukua lenyewe." Sikurudi. Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari, nilikuwa na watoto wawili na nyumba isiyokwisha pale Kihonda, na gitaa la kuanzia likageuka gitaa la kuendelea.

Miaka tisa nilipiga solo kwa gitaa hilo katika kwaya ya vijana ya kanisa letu. Neno vijana lisikuchanganye. Kwaya za vijana za hapa Morogoro zina vijana wenye vipara na vijana wenye wajukuu. Ukishaingia hakuna wa kukutoa mpaka ufe au uhamishwe kikazi. Nilikuwa na kiti changu mkono wa kulia wa kinanda, na kiti hicho ndicho kilikuwa heshima yangu yote mjini. Shuleni mimi ni yule anayeosha chupa baada ya wanafunzi kumaliza majaribio. Lakini Jumapili, waimbaji wakimaliza ubeti na kuvuta pumzi, palikuwa na nafasi ambayo ilikuwa yangu peke yangu, na kanisa zima lilinisubiri niijaze. Nayasema haya mapema ili ijulikane nilichoogopa kunyang'anywa.

Kasoro za gitaa tulizizoea. Likifika ubeti wa pili nyuzi zimeshalegea. Likichomekwa linanguruma kama friji ya dukani. Uzi mwembamba ukiubonyeza katikati ya shingo ulikufa papo hapo, kama umegonga meza. Mwalimu wetu wa kwaya, mama mmoja nesi mwenye sikio kali, alizoea kusema, "Leo gitaa letu limeamka vibaya," na tunaendelea.

Kisha akaja bwana mifugo.

Alihamishiwa huku kutoka Sumbawanga. Alifika kwenye mazoezi Jumamosi mchana na pikipiki ya kazini, mabuti ya mpira yamefungwa nyuma kwa mpira, mtu mwembamba, mdogo kwangu kama miaka sita hivi. Alimwamkia mwalimu shikamoo kwa kuinama kidogo, mimi akaniita kaka, akakaa nyuma pamoja na waimbaji wa besi. Wakati wa mapumziko mtu akamuuliza kama anapiga chombo chochote. Akajibu, "Kidogo tu." Nani alimpa gitaa? Mimi. Nilivua mkanda mwenyewe, nikamkabidhi, nikasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," watu wakacheka.

Sitaki kujipendelea. Alipiga vizuri. Hakupiga kwa kasi wala hakujionyesha. Alipiga pambio lile lile nililolipiga mimi nusu saa kabla, kwa nyuzi zile zile zilizolegea, na lilisikika kama mtu anayemweleza mwenzake jambo. Kuna mama mmoja wa sauti ya pili ambaye kwa miaka yote nikipiga mimi huwa anajibu meseji zake. Siku hiyo simu aliitia kwenye mkoba. Nilisogea mpaka kwenye amplifaya kuangalia kama kuna mtu amegusa vitufe. Hakuna aliyevigusa.

"Kidogo ndiyo hiyo?" mwalimu wa kwaya akauliza.

"Tulikuwa na gitaa moja shuleni, mwalimu, tukipokezana," akasema, akanirudishia langu kwa mikono miwili. "Asante kaka. Ni gitaa zuri."

Hapo ndipo iliponichoma. Lile gitaa halikuwa zuri, na yeye alijua.

Mtu mwenye akili timamu angejifunza jambo moja siku ile: gitaa ni lile lile, aliyebadilika ni mpigaji. Mimi wivu ulinipa hesabu nyingine. Nilijiambia kwamba huyu amekulia kwenye magitaa mabovu, kwa hiyo amejifunza ujanja wa kuficha ubovu. Mimi ni mtu mnyoofu, nahitaji chombo kinyoofu. Nikipata chombo kilichokamilika, tutaonana. Na kwa kuwa gitaa jipya sikuweza kununua, niliamua kulibadilisha la zamani kipande kwa kipande.

Nilianza na vifunguo vya kukazia nyuzi. Niliviagiza Dar, vikaja na basi, nikavifuata stendi ya Msamvu nikiwa na furaha ya mtoto. Matundu ya kichwani yalikuwa madogo, ikabidi niyapanue kwa tupa ya maabara, taratibu, mbao laini inatoka kama unga. Jumamosi iliyofuata nyuzi zilikaa sawa kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mwalimu wa kwaya alifumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilinyoosha mgongo.

"Limetulia kweli," akasema. "Hebu mpe Dokta tusikie."

Alishakuwa Dokta. Wiki tatu tu, na kwaya nzima inamwita Dokta, wakati mimi nilikaa miaka tisa bila hata kuitwa fundi. Walikuwa wamempa gitaa la rizimu, bovu la kanisa, na sasa tulibadilishana: yeye akashika langu, mimi nikashika lile la kanisa. Ikawa desturi. Kila Jumamosi, wimbo mmoja, kisha miwili.

Na kila nilipolifikia kosa moja na kulirekebisha, yeye ndiye aliyeonekana amepona.

Kilichofuata ni kile kijiti cha plastiki kilichoko mwisho wa shingo, kinachobeba nyuzi kabla hazijaingia kichwani. Ni yeye aliyenionyesha. Alikigonga kwa kucha. "Kaka, hiki ndicho kinakula sauti. Wenzetu wanaweka mfupa. Nitakuletea." Na kweli, wiki iliyofuata aliniletea mfupa umefungwa kwenye gazeti, mweupe, mkavu, umesafishwa vizuri kabisa. "Muundi wa dume mzee," akasema. "Huo hata msumeno unauheshimu."

Niliupokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikaenda kuutupa kwenye droo ya maabara, chini ya mipira ya kuunganishia majiko ya gesi. Kwamba nitengeneze solo yangu kwa mfupa wake? Mji huu una ng'ombe wangapi? Nilikwenda Mji Mpya kwa muuza supu ninayemfahamu, nikanywa bakuli langu, nikaondoka na mfupa wangu mwenyewe mfukoni. Niliukata, nikauchonga, nikautia mifereji sita. Ukanukia supu mpaka mkuu wa shule akapita dirishani kuuliza nani anapika maabara.

Kitu ambacho sikukifikiri, na ambacho yeyote anayejua mifupa angeniambia bure, ni kwamba mfupa wa supu umechemka usiku kucha. Nguvu yake yote imeishia kwenye bakuli. Nilifunga gitaa, nikalipeleka kanisani Jumapili, na katikati ya wimbo wa matoleo, foleni imejaa njia ya katikati na watu wanacheza na sadaka mkononi, mfupa ukasagika. Uzi mwembamba ukazama, wa pili ukaufuata, na solo yangu ikageuka kelele ya kijiko ndani ya sufuria. Bwana mifugo, aliyekuwa kwenye rizimu, akaingia palepale na kuijaza ile nafasi kwa gitaa bovu la kanisa, foleni ikaendelea kusonga kama hakuna kilichotokea. Wengi hawakujua. Mimi nilijua, nikamchukia kwa kunisaidia.

Jumatatu nilitoa ule muundi wa dume mzee kwenye droo. Ulinichukua siku nne na tupa mbili. Nilipompa gitaa Jumamosi aliuona mara moja, akapitisha kidole juu yake.

"Mfupa mzuri," akasema.

"Nimeupata kwa muuza supu mwingine," nikasema.

Daktari wa mifugo huyo, mtu anayejua mfupa wa ng'ombe kama mimi ninavyojua chupa zangu. Aliutazama tena, akanitazama, akasema, "Basi huyo ana ng'ombe wazuri." Ningefurahi kama angenicheka.

Mwisho nilibadilisha sumaku, zile zilizoko chini ya nyuzi ambazo ndizo zinazokamata sauti na kuipeleka kwenye waya. Nilizipata zimetumika, za mhadhiri mmoja wa kule Mazimbu aliyekuwa anahama na kupunguza mizigo. Nilizichomelea kwa risasi ya kuunganishia nyaya mezani kwangu maabara, mchana wa likizo, shule imelala. Mara ya kwanza niligeuza waya, zikiwashwa zote mbili sauti inakonda kama ya redio ya betri zilizochoka. Nikafungua, nikageuza. Kisha nikafunika tumbo lote la gitaa kwa ndani na ile karatasi ya bati ya kufungia chakula, ili kuua ule mngurumo. Nilipochomeka, kulikuwa kimya. Nilifikiri halifanyi kazi. Nikagusa uzi mmoja, ukaimba, ukaendelea kuimba, mpaka nikauwekea kiganja.

Nilikaa pale nimelishika. Naweza kusema bila haya kwamba nilikaribia kulia. Lilikuwa limekuwa gitaa, na nililifanya mimi.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza nikipiga sebuleni, anachambua mchele. "Baba watoto," akasema, "limekuwa tamu kweli. Ila unamtengenezea mwenzio."

Nilimwambia hajui muziki. Akaendelea kuchambua mchele wake.

Haikupita muda kwaya ikaamua kurekodi. Jioni moja mwalimu wa kwaya na mwenyekiti walikuja kwangu, wamevaa vizuri, kama watu waliokuja kuposa. Tukanywa chai. Tukazungumza mvua, tukazungumza barabara ya kwenda Mzinga, tukamaliza vitumbua. Ndipo mwenyekiti, mzee mmoja mpole mstaafu wa reli, akakohoa.

"Tumekuja kuomba, kijana wetu. Gitaa lako sasa halina mfano. Hatuna sababu ya kuazima kwingine. Tunaomba litumike kurekodi."

"Litatumika," nikasema.

"Na tumeonelea solo apige Dokta. Wewe rizimu utaisimamia vizuri, una uzoefu."

Niliangalia sahani tupu ya vitumbua. Mwalimu wa kwaya aliongea taratibu, kwa ile sauti anayowapa wagonjwa kabla ya sindano: "Unajua ninavyokuheshimu. Lakini hata wewe una masikio." Mwenyekiti akamalizia na lile la kila uwanja wa mpira: asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikasema ni kwa utukufu wa Mungu. Wakaomba sala, wakaondoka, na mimi nikabaki nimeshika mlango. Nilitamani mtu ahamishwe. Nilitamani Sumbawanga ipate ugonjwa wa ng'ombe ambao ni yeye tu anaujua. Niliyafikiri hayo dakika chache baada ya kusema amina.

Studio alipiga mara moja, ikatosha. Mimi nilishamaliza yangu, nilikuwa upande wa pili wa kioo, nimeshika koti lake. Solo ile ilianza chini kabisa, polepole, ikapanda, na pale ulipotarajia ifike juu ikasimama kidogo kuvuta pumzi, kama mtu anayepanda mlima kwenda Morningside na furushi, halafu ikamalizia. Nilisikia mfupa. Nilisikia sumaku. Nilisikia kila tundu nililopanua kwa mkono wangu, na hakuna hata moja lililokuwa linaniambia mimi kitu.

Lakini nilikuwa sijamaliza kuona wivu. Ulikuwa bado una kazi.

Siku ya kupiga video bwana mifugo hakuwepo. Alikuwa Mvomero kwenye chanjo, na mpiga picha hakuwa na siku nyingine. Tulipanda mlimani, juu ya Bigwa, kwenye kijito chenye mawe makubwa, kwaya imevaa vitenge vya aina moja. Mnajua video zetu zinavyotengenezwa: wimbo unatoka kwenye spika pembeni, waimbaji wanafuatisha kwa midomo, na wapiga vyombo wanapiga magitaa ambayo hayajachomekwa popote. Mpiga picha akasema lazima mtu ashike solo, gitaa jekundu linapendeza kwenye majani. Wakanitazama.

Nililishika. Waya niliuficha mfukoni. Na ile solo niliijua yote, kila noti, kwa sababu kwa mwezi mzima nilikuwa naisikiliza kwenye simu kwa siri nikitafuta kosa. Vidole vyangu vilikwenda pale vilipotakiwa kwenda, mpiga picha akanisogelea mpaka kamera ikakaribia kugusa mfupa.

Akina mama wa Kiluguru waliokuwa wanashuka na mabeseni ya mboga walisimama kutazama. Mmoja, mtu mzima, alinisubiri tulipopumzika. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, mbona chombo chako hakilii?"

"Sauti inatoka kwenye ile spika, bibi."

"Anayepiga yuko wapi?"

"Yuko Mvomero."

Aliniangalia kidogo, bila ubaya, akajitwika beseni lake, akashuka.

Video ilitoka, ikasambaa kwenye simu za watu. Mwenye bucha alinikatia pande zuri, akasema, "Kumbe wewe ni noma, mzee." Mkuu wa shule alinisimamisha mbele ya walimu wenzake. Wanafunzi walikuwa wanapiga solo hewani nikipita. Kila aliyenisifu nilimjibu neno moja: asante. Wakati mwingine niliongeza, ni Mungu tu. Bwana mifugo mwenyewe aliiangalia tukiwa mazoezini, akacheka mpaka akashika magoti. "Kaka, umenipigia vizuri kuliko mimi." Alifurahi kabisa. Nilimtafuta kijicho usoni, japo kidogo, ili tuwe sawa. Hakuwa nacho.

Miezi michache baadaye tukaalikwa Kilosa kwenye sikukuu ya mavuno ya kanisa moja. Kanisa limejaa mpaka nje. Bwana mifugo alikaa na gitaa langu, mimi na rizimu, kama ilivyopangwa. Wimbo ule ulipofika, mshereheshaji akachukua kipaza sauti. "Kabla hawajaanza, tunamwomba yule baba wa kwenye video, yule wa gitaa jekundu, asimame mbele tumwone." Watu wakapiga makofi na vigelegele. Waimbaji wenzangu wakaangalia viatu vyao.

Bwana mifugo alivua mkanda. Akaniletea gitaa kwa mikono miwili, akaninong'oneza, "Nenda, kaka. Unaijua."

Nikaenda. Na kweli nilikuwa naijua. Sikuwa tena na plastiki ya kuilaumu, wala mngurumo, wala nyuzi zinazolegea. Nilianza chini, nikapanda, nikasimama pale pa kusimama, nikamalizia. Sikukosea noti hata moja. Na nilipokuwa napiga nilisikia, kwa masikio yale yale aliyonisifia mwalimu, kwamba ilikuwa imenyooka na haisemi kitu. Kanisa lilipiga makofi ya adabu. Kigelegele kilikuwa kimoja, nacho kiliishia katikati.

Fundi mitambo wao, mtu mzima mwenye bisibisi mfukoni, alinisogelea kwa unyonge kabla waimbaji hawajajipanga kuurudia wimbo. "Utusamehe, kaka. Kwenye video ulikuwa mtamu sana. Spika zetu hizi ndizo zimekuharibia."

"Kweli, zinakwaruza kidogo," bwana mifugo akasema haraka, kabla sijafungua mdomo. Alikuwa ananifunika. Nilichotakiwa kufanya ni kukubali kwa kichwa tu.

"Spika zako ni nzima," nikamwambia fundi. "Aliyepiga kwenye video ni huyu hapa."

Nikavua mkanda, nikamvalisha bwana mifugo mimi mwenyewe, nikarudi kwenye kiti cha rizimu. Akapiga. Hata kabla hajafika pale pa kuvuta pumzi, akina mama walishasimama, na watoto waliokuwa nje wakajaa madirishani. Fundi mitambo alizitazama spika zake, kisha akageuka akanitazama mimi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nampigia rizimu kadiri ya uwezo wangu, na roho inaniuma vilevile.